Simu Iliyolia Kwanza

Jamaa walimwita Wakili, ingawa mahakamani alizoeleka kizimbani tu. Jioni hiyo alitakiwa kwenda kujitambulisha ukweni, na hakuwa na koti wala viatu. Alikuwa na kandambili na ulimi. Msichana alimpenda kwelikweli, ila mama mkwe alikuwa mtu wa kumkagua mgeni kuanzia chini.

Ndipo akashuka kwenye maduka ya chini ya ardhi. Huko mtandao haufiki, kwa hiyo wenye maduka waliweka programu ya kupokezana: simu moja inarusha ujumbe kwa zilizo karibu, nazo zinaupitisha kwa majirani, hivyo lori la bidhaa likifika wote wanajua. Hakuna mkubwa wala mdogo. Wakili akaiweka kwenye simu yake, akafurahi sana, maana hajawahi kuona mfanyabiashara anayependa usawa.

Mlinzi wa getini peke yake ndiye aliyelalamika. "Mimi niko mbali na wenzangu. Mpaka mtu apite hapa na simu mfukoni ndipo napata habari."

"Pole, kaka," alisema Wakili bila kumsikiliza.

Akaanza na fundi cherehani. "Mzee wangu, kwa koti moja tu nakupa nafasi ya kwanza. Kila ujumbe utaanzia kwako."

"Nitajuaje?"

Wakili akamsogelea mpaka mabega yakagusana, akatuma salamu. Simu ya fundi ikalia, ikafuata ya jirani, kisha za mbali. Ingeachaje kulia kwanza, na ndiyo iliyokuwa karibu naye? Fundi hakuwaza hayo. Alitungua koti la kijivu, akanong'ona, "Shemeji yangu muuza viatu asijue."

Shemeji naye alisogelewa, simu yake ikalia kwanza, akatoa viatu vyeusi. "Fundi asijue," alisema. Wakili akatupa kandambili zake pipani, akaondoka akitembea kama mtu mwenye nyumba tatu.

Fundi alishindwa kuvumilia. Akaenda kuringa. "Shemeji, kuanzia leo habari utazipata kwangu."

"Kwako? Wa kwanza si mimi?"

Muuza viatu akakumbuka mgeni wake alivaa nini.

"Koti la kijivu liko wapi?"

"Na vile viatu vyeusi?"

Ujumbe ukarushwa: mwenye koti la kijivu na viatu vyeusi vipya ni tapeli, asitoke! Simu zikalia duka kwa duka. Katika makelele hayo Wakili hakutambua kuwa moja ililia mfukoni mwake. Akakaza mwendo, akaingia kwenye korido ndefu yenye maduka yaliyofungwa, nyuma yake kukawa kimya. Hapakuwa na simu ya kuupitisha ujumbe huo. Akashusha pumzi.

"Kwaheri, kaka," alimwambia mlinzi.

Simu ya mlinzi ikalia. Akasoma taratibu, akatazama koti, akatazama viatu, akafunga geti.

"Nani amekuletea uzushi huo?" Wakili aliuliza.

"Si wewe? Hapa haufiki bila mtu kuuleta. Asante sana, ndugu yangu. Vua."

Alifika ukweni miguu mitupu, uso umemshuka kwa aibu. Mama mkwe akamtazama, kuanzia chini.

"Viatu vyako viko wapi, mwanangu?"

"Nimeviacha getini, mama."

"Getini! Watu wa siku hizi wezi, hawakawii kuvichukua," alisema mama, akainuka kwenda kuviingiza ndani.