Malalamiko Kuhusu Goti Lililopona Upesi Mno

Ndugu Daktari Mkuu wa Hospitali,

KUH: UPASUAJI ULIOKWENDA VIZURI KUPITA KIASI

Salamu, na pole kwa kazi. Mimi ni yule fundi cherehani aliyepasuliwa goti la kulia Jumatano iliyopita hospitalini kwako. Huenda hunikumbuki, na hilo lenyewe ni sehemu ya malalamiko yangu. Mgonjwa wa maana hukumbukwa. Mimi niliingia, nikatoka, na kitanda kikapata mwenyewe mwingine kabla hakijapoa.

Sikuandikii kwa ugomvi. Nimekanyaga cherehani kwa mguu huu miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo naijua kazi iliyofanywa kwa uangalifu na naijua iliyolipuliwa. Yenu haikulipuliwa. Mngeilipua kidogo tu, leo nisingekuwa na la kusema.

Ili unielewe, lazima nikueleze habari za kaka yangu mkubwa. Ni mwashi mstaafu, na ukoo mzima unamwita Injinia. Miaka ishirini na miwili iliyopita alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, akapasuliwa goti la kushoto kwa mtindo wa enzi zile, akalazwa miezi miwili. Goti lilipona lakini halikunyooka tena. Tangu hapo anachechemea, na tangu hapo hakuna kikao cha familia kinachofungwa kabla hajapandisha suruali na kutuonyesha kovu. Nalisema hili kwa mapenzi. Kovu lile nimeliona mara nyingi kuliko nilivyouona uso wa shangazi yangu, na shangazi anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu.

Miaka mitatu iliyopita binti yake wa kwanza aliolewa, nami, baba yake mdogo, nikapewa heshima ya kumshonea baba wa bibi harusi suti. Nilimpima akiwa amesimama, kama fundi anavyotakiwa kupima. Kwa kuwa goti halinyooki, upande wa kushoto ulipungua vidole viwili, nami nikaufupisha mguu wa kushoto wa suruali kwa vidole viwili. Sikumwambia. Niliona kumwambia ni kumkumbusha. Angeivaa tu, mapindo yote mawili yangegusa viatu sawasawa, na kwa siku ile moja asingejiona amepungukiwa na chochote.

Ila mwashi ni mwashi. Asubuhi ya harusi, kabla ya kuivaa, aliilaza ile suruali juu ya meza, akainyoosha kwa viganja, akainama na kuichungulia kwa jicho moja kama anavyochungulia ukuta. Wakwe walikuwa wamekaa pale pale. Alitangaza kwamba mdogo wake amemshonea dhihaka, akavaa suruali yake ya zamani, na tangu siku ile hajanisemesha. Hakuijaribu hata mara moja. Miaka mitatu sasa, watu tuliolala kitanda kimoja utotoni, tunapelekeana salamu kupitia kwa shangazi.

Ndipo goti langu lilipoharibika, na nakiri kwamba nilifurahi. Nilijiambia, nani atamnunia mtu aliyelazwa? Nilimtuma shangazi apeleke habari kwa Injinia kwamba napelekwa kupasuliwa, kwamba ni kufa na kupona, na kwamba hata nikipona huenda nisitembee. Hapo labda nilitia chumvi kidogo. Mpango ulikuwa nilazwe wiki mbili, mguu ukiwa umening'inizwa kwa kamba, uso umesinyaa. Kaka angekuja, angekaa kwenye kiti cha chuma, nami kwa sauti ya chini ningemweleza habari za vidole viwili. Maneno yote nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo cha dukani.

Sasa naomba uyasikilize malalamiko yangu, moja baada ya jingine.

1. Muda. Upasuaji ulichukua dakika thelathini na tano. Ndugu Daktari, nimewahi kubadilisha zipu ya koti kwa muda mrefu zaidi, na mwenye koti hakupigiwa simu na ukoo mzima. Mke wangu alikuwa nje na shangazi wawili, kila mmoja na leso yake mkononi. Muuguzi alipotoka kusema tayari, walidhani amekuja kusema tunaanza. Leso zilirudi nyumbani zikiwa kavu, na mmoja wa shangazi hao hajanisamehe mpaka leo.

2. Maumivu. Sikuyapata. Yule bwana wa sindano aliniambia nitasikia kitu kidogo mgongoni, na hicho kidogo chenyewe sikukisikia, kwa sababu alikuwa ananiuliza habari za watoto. Nilikuwa nimeuandaa moyo kwa wiki tatu. Nilikuwa nimeshapiga moyo konde. Sasa moyo huo niupeleke wapi?

3. Televisheni. Sikulazwa usingizi. Niliwekewa skrini nikaoneshwa ndani ya goti langu mwenyewe, kweupe, safi kuliko duka langu, na kipande cha gegedu kilichochanika kikining'inia kama bitana ya koti kuukuu. Daktari wa mifupa akakikata vizuri, akasafisha ukingo, kama mimi ninavyokata nyuzi zilizobaki. Huku akiendelea kukata aliniuliza kwa nini nguo zao za chumba cha upasuaji huchanika kwapani. Nikamweleza zinahitaji kipande cha ziada pale kwapani, na kwamba aliyezishona alikuwa na haraka. Wote wakakubali. Nilikuwa nimekuja kuteseka, Ndugu Daktari, nikajikuta natoa ushauri wa kazi.

4. Makovu. Hakuna. Kuna vitundu viwili, kila kimoja na mshono mmoja, vidogo kuliko tundu la kifungo cha shati la mtoto. Kwa upande wa ushonaji nakupa heko, mimi mwenyewe nisingeweza. Lakini niulize, nitapandisha suruali nimwonyeshe nani nini? Jirani yangu kinyozi alivitazama kwa muda, kisha akaniuliza kama ni mbu.

5. Ngazi. Hili ndilo kubwa, na naomba ulisome ukiwa umekaa.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, alikuja yule mtaalamu wenu wa mazoezi ya viungo, binti mchangamfu mwenye viatu vyeupe, akaniambia twende tukatembee. Nilimwambia mimi ni mgonjwa. Akasema anajua, ndiyo maana amekuja. Tukatembea ukumbi mzima mpaka mwisho, tukarudi, kisha akanipandisha ngazi. Nilipanda moja, ya pili, ya tatu. Goti lilikuwa linakunjwa na kunyooka bila hata kulia, na kwa kuwa mimi ni binadamu, nikafurahi, nikawa namsimulia kisa cha mteja aliyekonda baada ya kupimwa.

Kugeuka, kaka yangu amesimama mwisho wa ukumbi.

Alikuwa amepanda basi la kwanza. Kwapani alikuwa na kitu kirefu kilichofungwa kwa gazeti, nami nilikijua kabla hajakifungua. Ilikuwa fimbo yake, ile aliyotembelea alipotoka hospitali miaka ishirini na miwili iliyopita, ambayo hajawahi kumruhusu mtu aiguse. Alikuwa ameniletea. Alinitazama nilivyosimama ngazi ya tatu nikiwa nimekunja goti, meno yote nje. Akasema maneno mawili:

"Kumbe mzima."

Akaiegemeza fimbo ukutani, akageuka, akachechemea kuelekea mlangoni. Niliita. Hakugeuka. Mtaalamu wenu akaichukua ile fimbo, akaniuliza kama ni yangu, na mimi, mtu mzima wa miaka sitini, nikalia pale pale kwenye ngazi. Akadhani ni goti. Nilitamani liwe goti.

6. Heshima. Shangazi sasa anasema mimi ni mwongo, na kwamba hapeleki tena salamu za mtu. Siku ya tatu majirani wameshaniletea mapazia. Hakuna aliyeniletea hata chungwa.

Hayo ndiyo yaliyonipata, na yote yametokana na uhodari wa watumishi wako. Sitaki mtu aadhibiwe. Naomba tu hospitali irekebishe hali kwa mojawapo ya njia zifuatazo.

Kwanza, nipewe cheti chenye mhuri mkubwa, kikieleza kwamba upasuaji wangu ulikuwa mzito, kwamba kulitokea wakati ambapo madaktari walitazamana, na kwamba kule kupanda ngazi kulikuwa dalili mbaya. Maneno ya kitaalamu yasiyosomeka yatasaidia.

Kama cheti hakiwezekani, basi nifungwe plasta kutoka pajani hadi vidoleni kwa wiki mbili, nirudishwe nyumbani kwa gari la wagonjwa lenye king'ora, na dereva apitie mtaa wa kaka yangu, aende polepole. Akipita mara mbili sitalalamika.

Na kama hilo nalo ni gumu, niko tayari kulitoa goti langu la kushoto. Halina ugonjwa wowote. Naomba lipasuliwe kwa mtindo wa enzi zile, na daktari yule yule aagizwe ahangaike. Asiharakishe. Atoke nje mara moja moja kufuta jasho mbele ya shangazi. Nilazwe angalau siku kumi, kiti cha chuma kiwekwe kando ya kitanda, na mtaalamu wa mazoezi asikaribie kabisa mpaka kaka yangu awe amekaa na amesikia habari za vidole viwili mpaka mwisho.

Naamini ombi hili limo ndani ya uwezo wa hospitali inayojali wagonjwa wake.

Nisalimie bwana wa sindano, na umwambie mjukuu wangu wa pili ameanza shule. Nisalimie muuguzi wa zamu ya asubuhi, mama wa usafi aliyenitafutia ndara yangu ya kulia, na binti wa viatu vyeupe, ambaye simlaumu tena. Daktari wa mifupa naye msalimie sana, na nguo za kwapa azilete dukani.

Wako katika afya isiyotakiwa,

Fundi Cherehani,
Mgonjwa wa siku moja na nusu.

Baada ya sahihi:

Ndugu Daktari, nilikuwa natafuta bahasha pazia la mlangoni lilipofunguka, akaingia kaka yangu. Alisema amefuata fimbo yake. Nikampa. Hakuondoka. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akalitazama goti langu, akasema kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tangu tukiwa wadogo:

"Niambie ukweli. Inauma?"

Mezani mbele yangu ilikuwepo barua hii, kurasa nne za ushahidi. Nikamjibu, "Haiumi, kaka."

Ndipo akaniambia. Siku ile hakwenda nyumbani. Alipotoka ukumbini alishuka hadi dirisha la kuandikisha wagonjwa, akapanga foleni mpaka saa saba. Alikuwa amenuna, ndiyo, lakini alinuna akiwa kwenye foleni. Miaka yote ishirini na miwili amekuwa akiogopa kurudi hospitali, na lile kovu alilokuwa akituonyesha ndilo lililokuwa likimtisha yeye mwenyewe. Sisi tukidhani anajivuna. Aliponiona ngazi ya tatu nikicheka, alikasirika, na hasira ikampeleka dirishani. Daktari wenu wa mifupa amelipima goti lake, akasema huenda likanyooka, bila kuahidi. Amepangiwa Jumanne.

Kisha akatoa mfuko kutoka ndani ya koti. Ndani yake ilikuwemo ile suruali. Miaka mitatu hakuitupa.

Nilimwomba kitu kimoja tu, aivae. Akaingia nyuma ya pazia akigunaguna, akatoka, akasimama mbele ya kioo. Mapindo yote mawili yaligusa viatu sawasawa. Alifumba jicho moja, akayachungulia kwa jicho lake la uashi, kushoto, kulia, tena kushoto. Yale maneno yote niliyoyafanyia mazoezi hayakuhitajika.

Baadaye akauliza, na wakilinyoosha, itakuwaje? Nilipiga magoti, yote mawili, nikaugeuza upindo wa kushoto ndani nje nikamwonyesha. Vidole viwili vya kitambaa vimekunjwa humo tangu siku niliyoishona. Nilimwachia, iwapo siku moja atanyooka. Akaweka mkono kichwani pangu, akauacha hapo.

Kwa hiyo malalamiko ya kwanza hadi ya sita nayafuta, na goti langu la kushoto naomba mliache. Barua naituma hivyo hivyo kwa sababu kaka ndiye atakayeileta Jumanne. Ameshaisoma, na amelalamika kwamba urefu wa kovu lake sikuutaja. Tafadhali, asihangaike mtu yeyote. Ziwe dakika zile zile thelathini na tano, aulizwe habari za watoto, na kesho yake apandishwe ngazi hata kama atasema ni mgonjwa. Mimi nitakuwa nimesimama mwisho wa ukumbi na ile fimbo yake. Ninyi nyoosheni mguu, upindo niachieni mimi.