Ombi la Kumtoa Mama Yangu Daraja la CC

Kwa Waheshimiwa Wapangaji wa Madaraja ya Oili za Injini za Dizeli,
Popote ofisi yenu ilipo.

Wakubwa zangu, shikamooni. Kama humo ndani yupo aliye mdogo kwangu, aiweke akiba, atakua.

Mimi ni mke wa fundi wa injini za dizeli na mama wa mtoto mmoja wa miezi sita. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea mahali mnisahihishe taratibu, mtoto amelala. Nawaandikia kwa sababu ya ile karatasi yenu iliyobandikwa ukutani kwenye gereji anayofanyia kazi mume wangu, hapa jirani na kwetu, yenye CA, CB, CC, mpaka huko mwisho CK-4. Mimi sikuwa na ugomvi nayo hadi ilipoingia nyumbani kwangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mama yangu alikuja kunisaidia kulea. Siku moja alikuwa anamkanda mtoto tumbo, lilikuwa limejaa gesi. Mume wangu akasimama mlangoni na ovaroli lake, akasema, "Mama, wewe ni CC kabisa." Mama ni mtu wa adabu, akajibu, "Ahsante, mwanangu." Alidhani amepewa cheo. Akaenda nacho bombani, na kinamama wakawa wanampisha foleni, "Mpisheni CC achote." Ikawa raha mpaka alipofika dereva wa lori kuchota maji ya rejeta, akamwambia, "Bibi, CC ilishafutwa zamani. Ukiitia kwenye injini ya kisasa unaiua." Mama akarudi na ndoo tupu, akafungasha nguo zake. Amesema harudi mpaka waliomfuta wamrudishe wenyewe, tena kwa maandishi.

2. Mume wangu anasema oili haipewi daraja hivi hivi. Mnaitia kwenye injini, mnaichemsha masaa na masaa, halafu mnaifungua injini muone imelika wapi. Haki kabisa. Sasa Mama alipimwa na nani? Amelea watoto sita, na baba yetu juu, ambaye kwa masizi peke yake ni sawa na injini mbili. Tufungueni mtazame. Hakuna aliyelika. Kaka yangu wa pili ana mikwaruzo, lakini hiyo ni ya ndoa.

3. Karatasi inasema oili ya daraja jipya inaweza kushika kazi ya ile ya zamani. Hili si kweli, na naomba mlirekebishe. Mpya hapa ni mimi. Mtoto akianza kulia jioni nambeba hivi, nambeba vile, namwimbia, naye ananitazama kama mtu aliyeuziwa oili feki. Mama alikuwa anamlaza pajani tu, anampigapiga mgongo, mtoto anacheua kama mzee wa kikao, usingizi. Nimeiga kila kitu, mpaka kikohozi chake. Wapi.

4. Ugonjwa wenyewe umeenea. Gereji nzima sasa inapeana madaraja. Mwenye gereji ni CD. Muuza vipuri ni CF. Mlinzi wa geti, kwa kuwa anaongea sana, wamemwambia yeye ni oili ya petroli, asitafute jina lake kwenye orodha ya dizeli. Nami nikamuuliza mume wangu mimi ni ipi. Akafikiri. Wakubwa zangu, alifikiri mpaka chakula chake kikapoa.

5. Mume wangu mwenyewe naye amekonda. Anasema ulikuwa utani. Nikamwambia utani una mipaka, mkwe hataniwi kwa karatasi ya ukutani. Kwenda kuomba radhi anaona haya, basi anashinda chini ya malori, hata yasiyo mabovu.

Kwa hiyo naomba mkae kikao, mumpandishe Mama mpaka CK-4. Sheria ikitaka vipimo, nitamleta maabara mimi mwenyewe, ila moto msizidishe, ana presha. Hilo likiwa gumu, mmoja wenu aje akae nasi, tupokezane mtoto jioni. Akishindwa kumcheulisha, na yeye tumwandike CC. Na hilo nalo likishindikana, futeni madaraja yote, injini zinywe kinachopatikana kama sisi wengine tunavyokula. Binadamu hapangwi daraja, wakubwa zangu. Mtu ni mtu.

Nisalimieni wake zenu, na waume zenu kwa walio nao, na wanaochemsha hizo oili, na mama zenu, waliofutwa na wasiofutwa. Mtoto anawasalimu, amelowa.

Wenu katika kulea,
Mke wa Fundi

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Mama ametokea mlangoni na mzigo wake. Amesikia kwa watu kwamba mjukuu ameanza kukaa peke yake bila kushikwa, akaona akingoja kikao chenu atamkuta ameoa. Mume wangu ametoka chini ya lori, amempokea mzigo, amembebea mpaka pochi. Mama amempakata mtoto, amemgeuzageuza kwenye mwanga, akasema, "Huyu si wa daraja la babake." Tumekubaliana wote watatu, pamoja na babake. Mtoto wa jirani, aliyezaliwa naye mwezi uleule, bado anaegemezwa kwa mito. Basi yale ya kufuta madaraja yaacheni kwanza. Tunaomba kujua tu, juu ya CK-4 kuna lipi? Mtuwekee mapema, kabla yule wa jirani hajakaa.