Gita Lililonukia Mkate

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu wa kwaya anataka gita Jumamosi. Fundi atakayemkuna roho ndiye atakayetengeneza magita yote ya kwaya. Kamwambia na shemeji! Huyu kaka wa mke wangu ana karakana ng'ambo ya barabara, na kila asubuhi hunisalimia kwa huruma. Mke wangu katamka mbele ya watoto: nikishindwa, naenda kumpigia kaka yake msasa. Mimi! Fundi mzima!

Jumanne, 4 Machi
Balaa. Gita lipo, uso halina, yaani ule ubao wa mbele unaotoa sauti. Ubao wangu bado mbichi. Wa shemeji umekaa darini miaka. Kanikumbusha kwa upole kwamba haraka haraka haina baraka. Aliyetunga methali hiyo hakuwa na shemeji.

Jumatano, 5 Machi
Akili ni mali! Nimemwomba mama mwoka mikate aniwekee ubao tanurini. Akauliza kama nina homa. Nimemwahidi kumrekebishia mlango wa kabati. Ubao umetoka mkavu kama biskuti. Nimeubusu.

Ijumaa, 7 Machi
Uso umegandishwa, nyuzi zimefungwa. Sauti tamu ajabu! Tatizo dogo: gita linanukia mkate. Mwanangu wa mwisho kalilamba. Nimelipulizia marashi ya mama yake. Sasa linanukia mkate unaokwenda harusini.

Jumamosi, 8 Machi
Mvua tangu alfajiri. Mwalimu kapiga gita la shemeji, akatikisa kichwa kidogo. Kapiga langu, akafumba macho! Shemeji akameza mate. Nilifurahi, sifichi. Kumbe ule ubao mkavu ulikuwa unakunywa unyevu wote wa hewa. Uso ukaumuka. Kibao kinachoshika nyuzi kikabanduka, kikamvua mwalimu miwani. Kazi kapewa shemeji. Hakunicheka hata kidogo. Bora angenicheka.

Jumatatu, 10 Machi
Napiga msasa. Shemeji kanipa kiti kizuri, dirishani, mkabala na karakana yangu iliyofungwa. Kasema mbao zinataka subira tu. Nimeitikia kwa adabu, na nimejifunza kweli: tanuri ni kosa. Moto wake hauna kipimo. Pale pembeni kuna ubao mbichi, mzuri kupita zote, shemeji anautunza kwa ajili ya gita la mwalimu mwenyewe. Kesho asubuhi hayupo. Nitamfurahisha. Pasi ya umeme ya mke wangu, yenye kipimo cha moto, iko tayari kwenye begi.