Kaktasi ya Bi Bilkis Yalazwa

Kassimu hakuwa daktari wa mimea, ila alipanga chumba Naliendele, jirani na watafiti wa mikorosho, na ujirani huo aliuhesabu kuwa ni shahada. Alikuwa na koti jeupe la mtumba na miwani isiyo na kazi. Alichokosa duniani ni baiskeli tu. Siku moja mwaka 1999, akikatiza Mikindani kwa miguu, akaona mambo mawili kwa mpigo kwenye baraza ya duka la Asgarali: baiskeli mpya ya Phoenix ya kuuzwa, na mke wa mwenye duka, Bi Bilkis, ameinamia chungu cha kaktasi karibu kulia.

Kaktasi ilikuwa ya njano, imelegea shinani kama ndizi iliyokanyagwa. Kassimu akaibonyeza, akafumba macho, akatikisa kichwa. Daktari asiyetikisa kichwa halipwi.

"Mama, mgonjwa huyu mmemchelewesha."

"Usiseme hivyo, daktari! Kaktasi hii tuliletewa na mama wa bwana harusi kutoka Dar, siku ya posa. Wiki ijayo wanakuja kupanga harusi ya binti yangu. Wakiikuta imekufa?"

"Watasema nuksi," Kassimu alijibu kwa huruma kubwa. "Nimlaze kwangu wiki mbili."

"Wageni wasiikute kabisa?"

"Mgonjwa aliyelazwa ni heshima, mama. Maiti sebuleni ndiyo aibu. Tatizo ni usafiri. Akibebwa mikononi mizizi itashtuka." Macho yake yakapanda taratibu hadi kwenye Phoenix.

Mpango wake ulikuwa mfupi: chungu kichakani, yeye na baiskeli Newala.

Bi Bilkis alifikiri kidogo, kisha akakubali upesi mno. Hapo mjanja mwenye akili angeogopa, lakini tamaa haina masikio.

"Ichukue baiskeli. Mgonjwa akipona, ni yako. Ila daktari, tangu lini mtu akalazwa bila ndugu wa kumuuguza?" Akageukia ndani. "Mama! Kaktasi inalazwa. Nani ataiuguza?"

"Nani mwingine?" sauti ikajibu. Mama mkwe wake, Bibi Kinza, akatoka na kibegi, msala, birika na kufuli ya baiskeli. Akapanda kwenye keria, chungu mapajani.

Safari ilichukua saa tatu. Kila mlima Kassimu aliambiwa asimtikise mgonjwa. Walipofika, Bibi Kinza aliifunga baiskeli, akauvaa ufunguo shingoni, akakalia kitanda. Kassimu akapata mkeka.

"Muhogo tu?" bibi aliuliza jioni ile. "Mimi nauguza, mjukuu wangu. Tafuta samaki."

Alfajiri Kassimu alimkuta bibi, baada ya kutia udhu, akiyamimina maji yote yaliyobaki kwenye chungu. Yasipotee, ni ya baraka. Ndivyo alivyofanya kila swala tangu kaktasi ije.

"Bibi, acha! Unamuua!" Kwa mara ya kwanza maishani, Kassimu alisema ukweli wa kitaalamu.

"Maji ya udhu yanaua?"

"Mara tano kwa siku, Bibi, hata samaki angelalamika."

Ikamwingia kwamba kaktasi ikifa hana baiskeli, na isipopona hana kitanda. Basi masikini wa Mungu akatibu kweli. Akaikata sehemu iliyooza kwa wembe, akakiacha kidonda kikauke, akaipanda upya kwenye mchanga mkavu na kokoto, akaiweka juani na kuilinda kila swala. Siku ya kumi na nne kaktasi ilikuwa imara, na daktari amekonda.

Akamrudisha bibi Mikindani. Bi Bilkis aliwapokea akimeremeta.

"Wageni wamekuja, wamekula, tarehe imepangwa. Hakuna aliyeulizwa babu yake alifilisika vipi."

Kassimu akamtazama. "Mama, kumbe ulijua kaktasi inaumwa nini?"

Bi Bilkis akapunguza sauti. "Kaktasi inanyimwa maji, nani hajui? Dawa ya mama mkwe anayewahoji wageni ndiyo sikuwa nayo. Chukua baiskeli yako, umeitolea jasho."

Kassimu akageuka achukue mali yake. Bibi Kinza alikuwa hajashuka kwenye keria. Chungu mapajani, ufunguo shingoni.

"Nyumba hii haina mtu wa kuuguza," alisema. "Na wewe samaki umeanza kujua kuwapika. Geuza, daktari, turudi wodini."

Kassimu aliitazama Phoenix, akamtazama bibi, akavua koti jeupe na kulitundika kwenye usukani. Kutoka hapo hadi Mtwara mjini ni kama kilomita kumi. Alizimaliza kwa miguu, mbio, bila kugeuka nyuma.