Ndoo ya Madodoso

Obadia aliiona nafasi yake pale Segera, akimalizia chungwa huku akisubiri basi la kurudi Korogwe. Ilikuwa imebandikwa kwenye nguzo: matembezi ya hisani, Segera hadi Korogwe mjini, Jumamosi, kuchangia nyumba ya kusubiria wajawazito kwenye zahanati moja huko Magoma. Walitarajiwa watu mia na ishirini kutoka wilaya zote mbili, Handeni na Korogwe. Mwingine angesoma tangazo lile akaingiwa na huruma. Obadia alilisoma akaona watu mia na ishirini wanamfuata kwa miguu yao wenyewe.

Idadi hiyo ilikuwa na maana kwake. Alikuwa anasomea shahada ya uzamili, na utafiti wake juu ya maisha ya kaya za Handeni na Korogwe ulihitaji madodoso mia na ishirini yaliyojazwa. Kila dodoso lilikuwa na kurasa sita na maswali arobaini na sita, na mtafiti alitakiwa kwenda nyumba kwa nyumba. Katika miezi mitano Obadia alikuwa amefika nyumba mbili, na moja ilikuwa na mbwa. Siku nyingine alizimaliza katika chumba chake cha kupanga nyuma ya stendi, akibadilisha rangi za majedwali yasiyo na kitu ndani. Msimamizi wake, Dakta Semboja, ambaye kwa kawaida hujibu barua ndefu kwa neno "Nimeona", safari hii alikuwa ameandika sentensi nzima: takwimu zisipofika tarehe thelathini, jina litaondolewa chuoni. Na mama yake, kule Lushoto, alishashona kitenge cha mahafali na kuwaonyesha wanakwaya wenzake.

Kesho yake akaenda kwa mwenyekiti wa kamati, Mama Grasiana, muuguzi mstaafu aliyekuwa akichambua mchicha kibarazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Unauza nini?"

Obadia akasema hauzi kitu. Alikuwa msomi tu, tena mzaliwa wa milima hii hii, na dhamiri ilikuwa inamsumbua. Alitaka kujitolea kuwa msajili wa matembezi, bila posho. Akaeleza kwa upole kwamba siku hizi matembezi ya hisani yanahitaji fomu kamili, kwa ajili ya usalama wa watembeaji, na fomu hiyo anayo tayari. Juu aliandika "Fomu ya Usajili". Chini yake kulikuwa na dodoso lake lote, isipokuwa ukurasa wa kwanza wa kumwomba mtu ridhaa, ambao aliuona unachelewesha.

Mama Grasiana akavaa miwani. Akasoma kurasa zote sita, bila haraka, kama mtu aliyewahi kuwa karani wa sensa mara mbili, na kweli alikuwa amewahi.

"Mtembeaji anaulizwa choo chake kina mlango?"

"Ni usalama, mama."

"Na idadi ya mbuzi?"

"Hiyo ni ya dharura."

Mama akavua miwani, akairudisha mfukoni. "Fomu nzuri," akasema. "Na wewe utatembea?"

Obadia akajibu kwamba msajili hukaa na nyaraka. Mama akaona ni sawa. Akamkabidhi fulana mia na ishirini za matembezi, moja kwa kila atakayejisajili.

Ijumaa, meza ya Obadia pale Segera ilikuwa na sheria moja tu: hakuna fomu, hakuna fulana. Watu walikaa kwenye kreti za soda wakajaza. Mbaruku muuza machungwa alitaka kujua kama mbuzi wa shemeji anahesabika. Zamda wa uji alijaza kurasa sita huku akiwahudumia wateja wanne, na hakukosea chenji. Kufikia jioni fulana zilikuwa zimeisha, na madodoso mia na ishirini yalikuwa ndani ya ndoo ya rangi ya lita ishirini, mfuniko umekazwa ili mvua isiyaguse. Obadia hakuyasoma. Atayasoma akifika kwake.

Jumamosi watu walitembea. Obadia alipanda pikapu ya maji ya kunywa pamoja na ndoo yake, akiwa amepanga kushuka nayo stendi ya Korogwe kimyakimya. Lakini njiani kreti za maji zilipangwa juu ya ndoo, na dereva hakusimama hadi uwanja wa mpira, ambako mnada wa kuchangia nyumba ile ulikuwa unaanza.

Mnada wa namna hiyo kila mtu anaujua. Mwenye jogoo hutoa jogoo, mwenye mkungu wa ndizi hutoa mkungu, wengine wananunua kwa bei isiyo ya sokoni, na anayenyamaza anatazamwa. Mnadi alikuwa Kibwana, fundi ujenzi mwenye sauti ya kutosha mitaa mitatu. Aliuza jogoo. Akauza tenga la machungwa. Kisha akainua ndoo ya rangi.

"Mali ya kamati," akasema. "Imejazwa na watembeaji wenyewe."

Obadia akasogea mbele akasema kuna makosa, zile ni nyaraka zake.

"Za utafiti?" akauliza Mama Grasiana, taratibu, toka kwenye kiti chake.

Obadia akawaangalia watu mia na ishirini waliovaa fulana. "Za usajili," akasema.

"Basi ni za kamati. Endelea, Kibwana."

Mbaruku akataja mifuko miwili ya saruji. Zamda akataja mitatu. Obadia mfukoni hakuwa na zaidi ya nauli ya kwenda Magoma na kurudi.

"Siku moja ya kuchimba msingi kule Magoma," akasema.

"Siku moja mbele ya mifuko mitatu?" Kibwana akamsikitikia. "Msomi, hata jembe halijapata joto."

Mbaruku akapandisha minne. Obadia akasema siku tano. Zamda akapandisha mitano, akageuka kumhudumia mteja. Ilipofika siku kumi na mbili, pamoja na kubeba maji ya zege, Mbaruku akasema amechoka, na Kibwana akagonga mfuniko mara tatu.

Obadia akanyoosha mkono. Mama Grasiana akamwekea fomu tupu na kalamu.

"Wewe peke yako hukujisajili. Hakuna fomu, hakuna ndoo."

Akajaza kurasa sita, akiwa amechuchumaa, huku watu wakimsubiri. Choo cha chumba chake hakikuwa na mlango. Mbuzi hakuwa nao.

Kwenye basi la Magoma, Jumatatu, akiwa na jembe la kuazima, ndipo alipofungua ndoo. Madodoso yalikuwa safi, kila jibu mahali pake; Dakta Semboja angeandika "Nimeona". Akafika swali la arobaini na sita, lililomuuliza mtu kama ana maoni yoyote.

"Tutaonana mnadani," alikuwa ameandika Mbaruku, siku ya Ijumaa.

Akafungua la pili. "Tutaonana mnadani." La tatu, la kumi, la sitini, vivyo hivyo. Zamda alikuwa ameongeza kwamba uji utakuwepo.

Ni fomu moja tu, ile ya mwisho yenye mwandiko wa haraka, iliyosema: "Sina maoni."