Kufunguliwa kwa Tundu la Simba, Bustani ya Kolwezi

Nina heshima, iliyochanganyika na machozi ya kiserikali, kuwatangazia kwamba asubuhi hii, katika Bustani ya Mimea na Wanyama ya mji wetu, kobe amegeuza kichwa. Alikuwa akitazama kusini; sasa anatazama upande wa mtaa wa Kasulo. (Makofi machache.)

Waheshimiwa wakuu wa mitaa, yaani quartier, Tata Mchungaji, Tata Shehe, mama maprezidenti wa vikundi vyote, madereva wa malori ya migodi ya Fungurume mliokubali kuzima injini, wanafunzi mnaoiva juani, na wewe Mama Mushiya, mlinzi wa bustani, ambaye baba yako mzazi ndiye aliyeipanda mijakaranda ile tutakayoizungumzia kwa upendo: mimi, Directeur Ntambwe, mnene wa mwili lakini mwembamba wa makosa, nawasalimu. (Kicheko.)

Bustani hii, ambamo wazee wetu walioletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi walipiga picha za Jumapili pamoja na tumbili, imeingia leo katika awamu ya faisabilité, yaani upembuzi yakinifu, wa uendelevu shirikishi, na takwimu zinaonyesha kwamba wageni wameongezeka kwa asilimia mia mbili, ukilinganisha na miaka ambayo geti lilikuwa limefungwa. Nyuma ya turubai lile, bâche ile ya rangi ya chungwa, kuna simba. (Minong'ono.) Msisogee. Mlio mnaousikia kutoka chini, ko-ko-ko, ni simba anayenoa kucha kwa viwango vya kimataifa. Na shimo lile la pembeni ni ziwa la viboko, likiwa katika hatua ya ukavu.

(Tata Hamadi, mwenye malori, akionyesha ngazi iliyosimamishwa shimoni: "Kiboko inashukaka na échelle, tata Directeur?" Kicheko kirefu.)

Swali la kitaalamu. Nalipeleka kwenye kamati. Limebaki jambo dogo. Mijakaranda ile inamnyima simba hewa. Kwa desturi yetu makofi ndiyo kura: mkipiga, tumekubaliana, na mashoka yanaanza leo. (Mikono inabaki mifukoni.) Nimesema, mkipiga. (Mama Mushiya anaegemeza mgongo kwenye mti: "Kama munakata, munanikata pamoja nayo, tata.")

Basi tuchangamke kwanza. Kolwezi oyee. (Oyee, hafifu.) Maendeleo oyee. (Mtu anakohoa.) Simba...

(Bâche inafunuka. Anatoka mwanamume mwenye vumbi mpaka kwenye kope, sururu begani: "Shemeji, banakata lini ile miti? Mizizi inatufungia njia.")

Huyu ni... (Wanaanza kucheka nyuma.) Huyu ni Kabongo, ndugu wa mke wangu.

Haya. Wenzangu wa Kasulo walipochimba kobalti chini ya sebule zao, mimi sikuwa na sebule yenye bahati; nilikuwa na ofisi, na ofisi yangu ina bustani. Tukaanzia kwenye tundu kwa sababu lina kuta. Simba hajawahi kuagizwa. Ziwa halikuchorwa hata kwenye karatasi. Kisha tukagota kwenye mizizi, na miti ya umma siwezi kuiangusha kwa amri yangu peke yangu. Nilihitaji viganja vyenu, nikawaleta hata batoto wa shule. Nawashukuru sana kwa kuja kufungua kitu ambacho hakijawahi kuwepo.

Mama Mushiya, unaweza kuuachia huo mti sasa.

(Hauachii.)