Pochi ya Zipu Iliyoninyima Boti ya Moba

Leo nimeaibika mbele ya bandari nzima ya Kalemie. Nina hasira hadi nabonyeza simu ovyo, kwa hiyo nikikosea herufi mtanisamehe.

Mnajua Jumamosi mdogo wangu Mwajuma anaolewa kule Moba. Mama yetu hayupo tena. Mimi ndiye niliyepaswa kukaa mahali pake na kumkabidhi kwa wakwe. Boti ilikuwa leo asubuhi.

Na siku hizi za vita, bila kadi yako ya utambulisho hupiti popote. Tangu tulipowaona wakimbizi wa Nyunzu wakifika hapa bila hata karatasi ya kuonyesha wao ni nani, kila mtu analala na kadi yake karibu. Nikaamua kujishonea pochi ndogo yenye zipu, niivae shingoni.

Papa Amisi, bwana wangu, akaniambia, "Mama Amisi, weka tu kadi mu sashe, ufunge."

Sashe! Mimi, dada wa bibi harusi, nishuke Moba na mfuko wa plastiki shingoni?

Nikaingia mtandaoni kwenye mafunzo ya bure. Kuna mama mmoja anafundisha huku anatabasamu. Kukata, rahisi! Kushona, rahisi! Akasema kitambaa cha ndani kiwe pamba laini, hata nguo kuukuu, kwa sababu hakuna atakayekiona. Nikachukua kalisoni kuukuu ya Papa Amisi, chupi yake ile ya mistari ya bluu. (Ilikuwa imefuliwa! Msianze.) Ule mlango wake wa mbele sikuona sababu ya kuuziba. Tulipofika kwenye zipu mtandao ukakatika, tabasamu likaganda palepale. Nikamalizia kwa akili yangu. (Akili gani? Niulizeni.)

Kwa nje ilipendeza, kitenge cha kijani kitupu. Nikatia kadi, nikafunga zipu, nikaondoka kwa maringo.

Bandarini abiria walikuwa wanapanda, na askari anawakagua mmoja mmoja. "Mama, kadi."

Nikavuta zipu. Haisogei! Kitambaa cha ndani kimenaswa kwenye meno. Nikavuta kwa nguvu zote, kikono cha zipu kikabaki mkononi mwangu.

"Mama, unaficha nini mule?"

"Iko kadi yangu tu, shefu. Zipu njo inakataa."

"Nani alishona kintu ya namna hii?"

"Mimi." (Kwa nini sikudanganya? Kwa nini?)

Akatoa kisu, akapasua kitenge changu chini ya zipu. Boti ikapiga honi. Akaingiza vidole, akavuta, kalisoni ikatoka nje na mistari yake yote. Kadi hakuna.

Akaiinua juu kila mtu aone. "Hii njo nini? Kalisoni?"

"Iko ya bwana yangu!" nikapaza sauti, eti najitetea.

Jamani! Wabeba mizigo walitua magunia ili wacheke vizuri. Muuza samaki wa ndagala mmoja alikaa chini kabisa. Kumbe kadi ilikuwa imepenya kwenye ule mlango, ikaangukia kati ya kalisoni na kitenge cha upande wa nyuma. Askari alilazimika kupitisha vidole humo kuitoa, uso ameugeuza pembeni.

"Pita, Mama, pita mbio!" akasema, machozi ya kicheko yakimtoka.

Nipite niende wapi? Boti ilikuwa imeshaachana na gati. Nikapiga kelele, nikaipungia boti kwa ile kalisoni. (Sikuwa na kitu kingine mkononi!) Abiria nao wakanipungia kwa furaha. Boti nyingine ni wiki ijayo, mazuti ya injini yakipatikana.

Nimerudi nyumbani nikaifungua ile video. Maneno ya kwanza baada ya pale ilipokatika: "Hakikisha kitambaa cha ndani kinakaa mbali na meno ya zipu." Na bado anatabasamu! Laiti ningeweza kumzaba kibao kupitia kioo cha simu. Papa Amisi naye kuhusu sashe hasemi neno, anauliza tu kalisoni yake iko wapi. Nimemfukuza sebuleni.

Ndipo Mwajuma akanipigia simu mimi dada yake. "Yaya, umefika wapi? Banataka kuanza kunipaka hina, nimebaambia bangoje weye."

Nimemwambia injini ya boti imekufa. Halafu nikalia, na kilio hicho hakikuwa cha uongo.

Kwa hiyo Moba wakisikia habari ya kalisoni, nitajua imetoka kwa mmoja wenu, na nyumba zenu zote nazifahamu.